Kalamu ni ya mgonjwa

Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi na utabibu, Morogoro

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi mliosafiri usiku kucha ili muwahi mahafali haya: wakubwa zangu shikamooni. Na ninyi wahitimu, wanangu, hamjambo?

Nimekuwa tabibu kwa miaka 38. Nimefanya kazi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, karibu zote zikiwa mbali na barabara ya lami. Nimezoea kuongea na mtu mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo mniwie radhi nikiongea nanyi leo kana kwamba tumekaa chumba cha daktari.

Nimeombwa niseme juu ya wajibu wa mhudumu wa afya pale watu wanapoonewa kwa sababu ya rangi yao. Jana jioni kijana mmoja wa hapa chuoni aliniuliza kwa adabu kabisa, "Babu, hilo si jambo la Wamarekani?" Swali lake ni zuri, na jibu langu linaanzia Mazimbu.

Mazimbu mnapajua. Wengi wenu mmeshapanda daladala kwenda kuwaona ndugu zenu wanaosoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwenye kampasi ile. Jina la kampasi, Solomon Mahlangu, ni la kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Kabla SUA haijaingia, pale palikuwa shule na makazi ya watu wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kwenye ardhi waliyopewa na nchi yetu mwaka 1977. Palikuwa na mashamba, karakana, chekechea, na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa wananchi wa Uholanzi. Na pana makaburi. Baadhi ya waliokuja wakikimbia kwao hawakurudi tena.

Walikuwa wanakimbia utawala uliogawa kila kitu kwa rangi: shule, benchi la stesheni, ufuo wa bahari. Na hospitali. Hili la hospitali huwa tunalipita haraka tukisimulia habari za makaburu, na sisi wa kada hii hatupaswi kulipita. Wodi ziligawanywa. Magari ya wagonjwa yaligawanywa, gari la Wazungu likimkuta mtu mweusi anavuja damu barabarani linasubiri la weusi lije. Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mwanafunzi mweusi wa udaktari alitakiwa kutoka nje maiti ya Mzungu ilipokuwa ikipasuliwa mbele ya darasa. Fikirini jambo hilo. Mtu ameshakufa, amelala juu ya meza ya saruji, na bado ngozi yake imewekewa mlinzi mlangoni.

Na mlinzi mwenyewe hakuwa askari. Alikuwa profesa. Alikuwa matroni, msajili, karani wa mapokezi, watu waliovaa koti jeupe kama lile mtakalovaa ninyi Jumatatu ijayo. Serikali ya kibaguzi haiwezi kuendesha hospitali ya kibaguzi bila wahudumu wa afya kukubali. Hapa ndipo penye hotuba yangu yote, na sasa nitaishusha mpaka kwenye kitu kidogo mnachokijua: karatasi.

Mnaijua PF3. Mtu akipigwa, akigongwa na gari au akibakwa, polisi humpa fomu ile, anakuja nayo kwetu, nasi tunajaza sehemu yetu: tumeona jeraha gani, liko wapi, lina umri gani, huenda limesababishwa na kitu cha namna gani. Wenzetu wa Kenya wanaiita P3. Wengi wenu mtaiona kama usumbufu, kwa sababu italetwa saa nane za usiku foleni ikiwa imefika mlangoni. Lakini kwa aliyeonewa, ile nusu ukurasa yetu mara nyingi ndiyo shahidi pekee aliye naye.

Tarehe 7 Septemba 1977, jijini Port Elizabeth, daktari wa serikali wa wilaya aitwaye Ivor Lang aliitwa na polisi wa usalama aje amtazame mahabusu. Mahabusu huyo alikuwa Steve Biko, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi, kijana wa miaka 30. Biko naye alikuwa mtu wa kada yetu kwa nusu ya njia: alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Natal, katika kitengo cha wasio Wazungu, mpaka akaondolewa mwaka 1972, siasa zikiwa zimeshamchukua muda wake wote. Lakini udaktari haukumtoka moyoni. Mwaka 1975 yeye na wenzake walifungua kituo cha afya kijijini karibu na King William's Town, wakakiita Zanempilo, jina lenye maana ya kuleta afya, na daktari wake akawa Mamphela Ramphele. Wanawake waliokuwa wakijifungulia majumbani wakapata mahali pa kujifungulia. Huyo ndiye mtu aliyekuwa amefungwa minyororo chumbani siku ile.

Kanali aliyewaongoza polisi wale alimwomba Dk. Lang cheti. Dk. Lang akaandika kwamba hakuona kwa mahabusu dalili yoyote ya kasoro wala ya ugonjwa.

Aliona nini hasa? Tunajua, kwa sababu baadaye alihojiwa mahakamani. Aliona mdomo uliochanika. Aliona mchubuko kifuani, alama za pingu mikononi, mikono na miguu iliyovimba. Aliona mtu anayeongea kwa ulimi mzito na kutembea akiyumba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa angesema mara moja: mwangalieni kichwa, huyu ameumia kichwa.

Kesho yake akaja mkubwa wake, Dk. Benjamin Tucker. Akaitwa bingwa. Mgonjwa akatolewa majimaji ya uti wa mgongo, na yakatoka na damu. Kwenye maelezo ya mgonjwa, Dk. Lang akaandika kwamba kipimo kile kilikuwa cha kawaida. Tarehe 11 Septemba Dk. Tucker alitaka Biko apelekwe hospitali, polisi wakakataa hospitali ya karibu kwa hofu ya kutoroka, naye akakubali asafirishwe kwenda hospitali ya gereza Pretoria. Walimlaza nyuma ya Land Rover, uchi, bila muuguzi na bila barua ya rufaa. Safari yenyewe ilizidi kilomita 1,000, kama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Alikufa siku iliyofuata, sakafuni. Waziri akatangaza kwamba mfungwa alikuwa amegoma kula.

Katika uchunguzi wa mahakama juu ya kifo kile, wakili wa familia, Sydney Kentridge, alimuuliza Dk. Tucker kwa nini hakusimama upande wa mgonjwa wake. Dk. Tucker akajibu kwamba hakujua kuwa katika mazingira yale daktari angeweza kupinga uamuzi wa afisa wa polisi. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, na kila mara nalisikia kwa sauti ya mtu ninayemfahamu.

Sauti yenyewe ni yangu.

Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa hospitali moja ya wilaya, magharibi ya nchi. Mnaikumbuka historia ya miaka ile: wakimbizi kutoka Burundi, Rwanda na Kongo walikuwa wengi kuliko wenyeji katika baadhi ya tarafa. Alasiri moja mgambo wawili walimleta kijana mkimbizi, PF3 mkononi mwao, wakasema ameanguka na baiskeli. Nikamwambia avue shati. Mgongoni alikuwa na mistari miwili miwili, imekwenda sambamba, kutoka begani mpaka kiunoni. Ninyi mmefundishwa: fimbo ikitua kwenye nyama huacha mistari miwili na katikati yake ngozi iliyopauka. Baiskeli haifanyi hivyo. Mkubwa wangu wa kazi alipita, akachungulia, akanivuta pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini, "Hao ni wakimbizi. Usitutafutie matatizo." Nikarudi mezani nikaandika: michubuko midogo, ameanguka.

Kijana yule alikuwa ananitazama ninavyoandika. Sikujua kama anasoma Kiswahili. Akavaa shati lake polepole, akasema "asante daktari", wakaondoka naye.

Rangi yetu ilikuwa moja, mimi na yeye. Lakini lile neno "hao" lilifanya kazi ileile iliyofanywa na rangi kule Port Elizabeth. Lilimtoa mtu kwenye hesabu ya wagonjwa wangu likamweka kwenye hesabu ya matatizo. Kwa hiyo mkinisikia namtaja Dk. Lang, msidhani nasimama mahali pa juu. Najua karatasi ile inavyoandikwa. Haichukui hata dakika moja.

Sasa nataka niwape habari nyingine ambayo kwa miaka mingi ilinisumbua, kwa sababu inaonekana kwenda kinyume na hii. Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Biko, tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto waliandamana na polisi wakawapiga risasi. Majeruhi walimiminika hospitali ya Baragwanath. Polisi wakataka orodha ya wote wenye majeraha ya risasi, ili wakitoka wodini wafunguliwe mashtaka ya kufanya ghasia. Madaktari walikataa kuitengeneza orodha hiyo. Kwenye vitabu vya hospitali, penye jeraha la risasi wakaandika "jipu".

Mnaona ugumu wake. Dk. Lang aliandika kisichokuwa kweli. Madaktari wa Baragwanath nao waliandika kisichokuwa kweli. Kama ningewaambia leo kwamba wajibu wetu ni kuandika tulichokiona, basi, ningelazimika kuwahukumu wote kwa pamoja, na moyo wangu unakataa kabisa. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na jibu nililolipata ni kwamba kalamu ile si mali yetu wala ya serikali. Ni ya mgonjwa. Tumeazimwa kwa sababu yeye hana mkono wa kuandikia. Lang aliichukua kalamu ya Biko akampa kanali. Madaktari wa Baragwanath walikataa kuitoa. Nami kalamu ya yule kijana nilimpa mkubwa wangu, kwa sababu nilitaka siku yangu iishe salama.

Simaanishi kwamba mna ruhusa ya kuandika uongo kila mnapoona vyema. Kuandika jipu mahali pa risasi ni jambo la siku ya moto, siku ambayo faili la hospitali limegeuzwa kuwa orodha ya kukamatia watoto, na aliyefanya hivyo alijua anahatarisha leseni yake. Katika siku nyingi za maisha yenu, karibu zote, kumtumikia mgonjwa kutakuwa ni kuandika kweli yote, kwa urefu wake wa sentimita.

Na hapo niwataje watu walioirudisha kalamu kwa mwenyewe.

Baada ya kifo cha Biko, Baraza la Madaktari la Afrika Kusini lilitazama malalamiko dhidi ya Lang na Tucker, na mwaka 1980 likasema hakuna sababu ya kuendelea. Chama cha madaktari nacho kikaunga mkono. Kumbukeni kwamba miaka miwili tu kabla ya kifo kile, mwaka 1975, chama cha madaktari cha dunia kilikuwa kimetoa Tamko la Tokyo, linalomkataza daktari kushiriki mateso kwa namna yoyote. Tamko walikuwa nalo. Waliokosekana ni watu wa kulisimamia. Ndipo madaktari wachache wakaamua kulishtaki Baraza lao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Frances Ames wa Cape Town, profesa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Wengine ni Trefor Jenkins na Phillip Tobias wa Witwatersrand, na Yosuf Veriava, ambaye jina lake ndilo linalobeba kesi ile. Hawakuomba kitu kikubwa. Waliomba Baraza lifanye kazi yake. Iliwachukua miaka. Mapema mwaka 1985 Mahakama Kuu ikaliamuru Baraza lifanye uchunguzi, na madaktari wale wawili wakakutwa na hatia. Lang alipewa onyo na karipio. Tucker alisimamishwa kwa miezi mitatu, adhabu yenyewe ikiahirishwa, kisha mwezi wa Oktoba akafutwa kwenye daftari la madaktari. Miaka sita baadaye alirudishwa, baada ya kuandika kwamba katika miaka mingi ya utumishi alikuwa ameupoteza uhuru wake wa kidaktari kidogo kidogo, na kujihesabu mmoja na vyombo vya dola. Kidogo kidogo. Namshukuru kwa maneno hayo mawili, maana ndivyo inavyokwenda. Hakuna asubuhi ambayo mtu anaamka akaamua kuwa daktari wa polisi.

Mwaka huohuo wa 1985, mwezi Julai, serikali ilitangaza hali ya hatari. Polisi wakajaza mahabusu. Port Elizabeth palikuwa na daktari kijana, Wendy Orr, miaka yake haijafika hata 26, kazi yake kuwapima wafungwa wakiingizwa gerezani. Mkuu wake wa kazi alikuwa Ivor Lang, yuleyule. Binti huyu Mzungu alianza kuona kila siku watu wenye alama za mijeledi, waliopasuka ngoma za masikio, waliovimba nyuso. Akaandika. Mtu baada ya mtu, jeraha baada ya jeraha, katika fomu zilezile za kawaida. Alipoona kwamba fomu zinakwenda juu na hakuna kinachorudi, akawaendea wanasheria. Mwezi Septemba, pamoja na familia za mahabusu, akapeleka hati ya kiapo mahakamani, akiwa na kumbukumbu zake. Mahakama ikatoa amri ya kuwazuia polisi kuwapiga mahabusu wa Port Elizabeth na Uitenhage.

Akaondolewa kazi ya gerezani mara moja. Wenzake wakampa mgongo. Nchi ilipopata uhuru akateuliwa kamishna wa Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, na mwezi Juni 1997 tume ile ikakaa Cape Town kusikiliza habari za sekta ya afya peke yake: madaktari, wauguzi, wanasaikolojia, vyuo, vyama. Mnaosomea uuguzi, someni kumbukumbu za kikao kile kabla hamjapangiwa vituo.

Nampenda Dk. Orr kwa sababu silaha yake ilikuwa fomu. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu anayejaza fomu sawasawa na kukataa isahaulike. Ila nisiwadanganye kwamba fomu inatosha siku zote, wala kwamba mtu atakuwa salama kwa kuwa ana shahada. Dk. Fabian Ribeiro wa Mamelodi aliwatibu vijana waliojeruhiwa na polisi na kuweka kumbukumbu za majeraha yao. Tarehe 1 Desemba 1986 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mkewe Florence. Dk. Neil Aggett, daktari aliyekuwa pia kiongozi wa wafanyakazi, alikufa mikononi mwa polisi mwezi Februari 1982. Serikali ikasema amejinyonga, na imechukua miaka 40 kwa mahakama kusema kwamba aliuawa. Nawataja kwa sababu mnastahili kujua gharama kabla hamjaahidi chochote.

Kuna mambo ambayo mtu mmoja hayawezi na wengi wanayaweza. Mwaka 1987 madaktari 101 wa Baragwanath walitia saini barua moja katika jarida la udaktari wakieleza hali ya wodi zao, wagonjwa weusi wakilala sakafuni ilhali hospitali za Wazungu zina vitanda vitupu. Walisumbuliwa sana, baadhi wakanyimwa ajira, lakini daktari mmoja akiandika barua ile angeitwa mkorofi, na 101 hawaitwi hivyo. Miaka miwili baadaye, Agosti 1989, wagonjwa weusi walikwenda kwa makundi kwenye hospitali za Wazungu, Durban na Johannesburg, wakiomba kutibiwa kama mtu yeyote. Walipofika mapokezi walikuta madaktari na wauguzi wanaowangoja, faili tayari.

Wauguzi, sijawasahau. Kwa kweli ninyi ndio mnaotangulia. Mwaka 1957 sheria mpya ya uuguzi kule Afrika Kusini iliweka madaftari tofauti ya usajili kwa rangi, na uongozi wa baraza ukabaki kwa Wazungu pekee. Wauguzi weusi waliipinga hadharani, wakiwa na sare zao, miaka mingi kabla madaktari hawajapata ujasiri wa kushtaki mtu. Na hapa historia inarudi mlangoni kwetu. Tulipopata uhuru mwezi Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga virago. Mwalimu Nyerere akamwomba Oliver Tambo wa ANC atusaidie, na wauguzi 20 weusi wa Afrika Kusini wakaacha watoto, wachumba na wazazi wakaja Tanganyika, wakijua kwamba wakishatoka serikali yao haitawaruhusu kurudi. Walitawanywa katika hospitali zetu. Wengi wao walikaa miaka mingi. Kama mama yako au bibi yako alizalishwa miaka ya sitini katika hospitali kubwa ya mkoa, inawezekana mikono iliyompokea ilikuwa ya mmoja wao. Katika hospitali zenyewe, walipofika, rangi ilikuwa bado inanuka ukutani. Ocean Road ya Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika alikwenda Sewa Haji, hospitali iliyopewa jina la mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake. Nairobi walikuwa na Hospitali ya Wazungu, na Waafrika wakaenda ile inayoitwa leo Kenyatta. Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza jana: jambo hili lilikuwepo hapa wakati babu yako anapimwa malaria.

Je, leo? Nitakupa mfano mmoja, na si wa mbali kwa sababu baadhi yenu mtakwenda kufanya kazi Uingereza, Ghuba, Canada. Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni mnakijua. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watafiti wa Marekani walilinganisha namba za kibanio kile na damu halisi ya mshipani. Pale kibanio kiliposoma asilimia 92 hadi 96, namba ya kumtuliza muuguzi, wagonjwa weusi 11.7 katika kila 100 walikuwa kwa kweli wana upungufu wa hatari wa oksijeni. Kwa weupe walikuwa 3.6. Kifaa kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi hukichanganya. Hatukuambiwa. Na kilitumika miongo mingi, mpaka na kwenye wodi zetu, ambako kila mgonjwa ana ngozi hiyo. Vilevile, kwa miaka mingi maabara za Marekani zilipokadiria kazi ya figo ziliongeza namba kwa mgonjwa akiwa mweusi, hivyo figo zake zikaonekana nzima kuliko zilivyo, na safari yake ya kupandikizwa figo ikachelewa. Wanafunzi wa udaktari, vijana wa umri wenu, waliwauliza walimu wao darasani: namba hii imetoka wapi? Wakaendelea kuuliza. Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa figo vikaiondoa.

Basi mkiona namba kwenye kibanio na midomo ya mgonjwa inasema kingine, andikeni vyote viwili.

Mkijaza PF3, fungeni mlango. Mwombeni askari asubiri nje. Akikataa, andika kwamba alikuwepo chumbani. Mvueni mgonjwa nguo zote kwa heshima, kwa sababu fimbo hupenda mahali nguo inapoficha. Usiandike "ameanguka" kama hukumwona akianguka. Andika "anaeleza kuwa ameanguka", kisha uandike ulichokiona, hata kama vitu viwili hivyo vinapingana, hasa vikipingana. Chora mwili, weka alama, weka saa. Maneno ya mgonjwa mwenyewe yawekwe kama alivyoyasema. Na kama unaogopa, usiwe peke yako: mwite mwenzako naye atazame, atie saini. Mna MAT ya madaktari, mna TANNA ya wauguzi, mna TUGHE ya wafanyakazi wa serikali na afya. Michango yenu ya kila mwezi inakatwa kwenye mshahara. Vitumieni vyama hivyo kwa jambo kama hili pia, posho isiwe peke yake.

Na mkisikia mtu kazini anasema "hao", iwe ni wakimbizi, wafugaji, Wahindi, Wachina wa barabarani, watu wa dini ile au kabila lile, jueni kwamba kuna mgonjwa mmoja anataka kuondolewa kwenye hesabu. Mwiteni kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya aliyesema. Mimi jina la kijana yule wa mgongo wenye mistari lilikuwa kwenye fomu, nililiona kwa macho yangu, na siku hizi silikumbuki.

Mkuu wa Chuo ameniruhusu nitangaze jambo moja. Baada ya chakula, saa tisa kamili, daladala mbili zitakuwa getini kwenda Mazimbu. Tutaanzia makaburini, halafu tutapita pale palipokuwa hospitali yao. Nauli imelipwa. Njooni na viatu vya kutembelea, maana mvua ya jana imeacha tope.